Hannover au Eindhoven: Ujerumani na Uholanzi kwa familia ya watu wanne, wapi kuna unafuu?

Kimara_Mwisho aliuliza (mwaka 2025):

Wakuu, habari za leo. Nina ofa mbili za kazi na natakiwa kujibu ndani ya wiki mbili. Naweka namba zote hapa ili atakayejibu asilazimike kukisia.

Ya kwanza ni Hannover, Ujerumani: kuandika programu za kompyuta, euro 62,000 kwa mwaka kabla ya makato, mkataba usio na ukomo, majaribio miezi 6, likizo siku 30. Ya pili ni Eindhoven, Uholanzi: kazi ya aina hiyohiyo, euro 5,700 kwa mwezi kabla ya makato, juu yake posho ya likizo asilimia 8, mkataba wa mwaka 1, majaribio mwezi 1, likizo siku 25. Mwajiri wa Eindhoven ni mdhamini anayetambuliwa na IND, idara ya uhamiaji ya huko.

Umri wangu 34. Mke ni muuguzi mwenye diploma na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Watoto wawili, wa miaka 4 na 9. Kijerumani hatujui, Kiholanzi hatujui. Ukitazama mshahara peke yake, Eindhoven inaizidi Hannover karibu euro 12,000 kwa mwaka. Je, tofauti hiyo inabaki ukishatoa kodi, pango, bima na gharama za watoto? Na ukiuweka mshahara kando, familia ya namna hii itaishi vizuri zaidi wapi?

HesabuKwanza alijibu:

Mkuu, hongera. Nitakupa upande wa fedha kwa viwango vya 2025, wengine watamalizia.

Hannover: 62,000 ni kama 5,166 kwa mwezi. Pensheni inachukua asilimia 9.3, bima ya ukosefu wa ajira 1.3, bima ya afya 7.3 pamoja na nusu ya nyongeza ya mfuko (wastani rasmi wa nyongeza ni 2.5), na bima ya matunzo ya uzeeni kama 1.55 kwa mwenye watoto wawili. Jumla ni karibu 1,070. Kodi ya mapato, ukiwa daraja la kodi la III (la mwenye ndoa ambaye mwenzake hana kipato au ana kidogo), ni karibu 460. Unabaki na takriban 3,630. Juu yake kuna Kindergeld, euro 255 kwa kila mtoto, yaani 510. Jumla inaingia kama 4,140.

Hapo kwenye "daraja la III" ndipo watu wanapoumia. Wanandoa wakijiandikisha, ofisi ya kodi inawaweka wote daraja la IV bila kuwauliza. Kwa mshahara wako, daraja la IV linakata karibu euro 400 zaidi kila mwezi. Fedha hiyo haipotei, inarudi ukiwasilisha ritani mwaka unaofuata, lakini miezi ya mwanzo ndiyo unayoihitaji zaidi. Fomu ya kubadilisha kwenda III kwako na V kwa mkeo ijazwe mara tu mkeo akishaandikishwa makazi. Na lazima awe anaishi huko: ukitangulia peke yako huku yeye akibaki Dar, utakatwa kama mseja hadi afike.

Eindhoven: 5,700 na posho ya likizo ni 73,872 kwa mwaka. Kuna nafuu ya kodi inayoitwa "30%-regeling": asilimia 30 ya mshahara haitozwi kodi kwa miaka 5. Ukiwa nayo, kila mwezi unapata kama 4,850 kabla ya mchango wa pensheni ya kazini, na posho ya likizo kwa kawaida inakuja Mei. Ukiikosa, unashuka hadi kama 4,000. Kwa hiyo ofa ya Eindhoven ni ofa mbili tofauti, kutegemea karatasi moja.

Masharti ya karatasi hiyo: uwe umeajiriwa kutoka nje ya nchi, na ndani ya miezi 24 kabla ya kuanza kazi uwe umeishi zaidi ya miezi 16 umbali wa zaidi ya kilomita 150 kutoka mpaka wa Uholanzi. Dar inatosha na kuzidi. Saini mkataba ukiwa bado Dar. Ukisaini ukiwa tayari umehamia Uholanzi unajitia kwenye ubishi usio wa lazima. Maombi yanapelekwa na wewe na mwajiri kwa pamoja ndani ya miezi 4 tangu siku ya kuanza kazi. Mkichelewa, nafuu inaanza mwezi unaofuata maombi na ile miezi ya nyuma imekwenda. Tena mkataba uandike wazi kwamba mwajiri anakubali kuitumia, maana bila yeye huwezi kuiomba.

Sasa toa matumizi. Tuseme pango Hannover ni 1,350 pamoja na joto, na Eindhoven 1,700, ongeza 200 ya umeme na joto. Bima ya afya Ujerumani tayari imo kwenye makato, na mke asiye na kipato pamoja na watoto wanaingia humo bila kulipa senti. Uholanzi kila mtu mzima analipa yake, kama euro 160 kwa mwezi, kwa hiyo 320 kwa wawili (watoto chini ya miaka 18 hawalipi), na kila mtu mzima anabeba euro 385 za kwanza za matibabu kwa mwaka kabla bima haijaanza kulipa. Kumwona daktari wa familia hakuhesabiwi kwenye hizo 385. Posho ya watoto ya Uholanzi inalipwa kila robo mwaka. Ukiigawa kwa miezi, kwa watoto wa umri huo ni kama 200.

Hannover: 4,140 toa 1,350, inabaki 2,790. Eindhoven ukiwa na nafuu ya kodi: 4,850 jumlisha 200, toa 2,220, inabaki 2,830. Zile 12,000 karibu zote zimeyeyuka (posho ya likizo ya Mei sikuiweka humu, wala mchango wa pensheni ya kazini). Ukiikosa nafuu, Eindhoven inabaki chini kwa zaidi ya 800 kila mwezi. Kuna pia posho ya Uholanzi inayopimwa kwa kipato, kindgebonden budget, ambayo familia yako inaweza kuipata. Iombe, lakini toa taarifa ya kila nyongeza ya mshahara na siku mkeo anapoanza kazi. Wanalipa kwa makadirio, na wakigundua kipato kilizidi wanadai urudishe kilichozidi.

Jambo jingine la Hannover: fomu ya kujiandikisha makazi ina kisanduku cha dini. Ukijaza Mlutheri au Mkatoliki, kodi ya kanisa inakatwa, asilimia 9 ya kodi ya mapato katika jimbo hilo. Kwa mshahara huu na watoto wawili si kubwa, ila waumini wengi wa KKKT hujaza bila kujua kwamba kile kisanduku kina makato. Ongeeni nyumbani kabla ya kwenda.

Nyuzi_na_Sindano alijibu:

HesabuKwanza ameeleza vizuri, naongeza marekebisho mawili.

Ile nafuu ya asilimia 30: kwa wanaoanza 2024 na kuendelea, kuanzia 1 Januari 2027 inashuka kuwa 27 kwa muda uliobaki. Na miaka 5 ikiisha mshahara wa mkononi unashuka kwa mamia ya euro mwezi huohuo. Usichukue mkopo wa nyumba kwa kutumia mshahara wa miaka hiyo mitano.

La pili ni zito zaidi. Kima cha chini cha mshahara kwa mtaalamu mhamiaji Uholanzi, miaka 30 na kuendelea, ni euro 5,688 kwa mwezi kwa 2025, na posho ya likizo haihesabiwi. Wewe una 5,700. Umevuka kwa euro 12 tu, na kiwango hicho hupanda kila Januari. Maombi yakiingia IND mwaka ukishageuka, mshahara wako hautatosha na watayakataa. Mwombe mwajiri apeleke maombi kabla ya mwisho wa Desemba, au apandishe mshahara sasa hivi. Hannover huna shida hiyo: Blue Card, kibali cha mtaalamu mgeni, kwa 2025 inataka 48,300 kwa mwaka na wewe uko mbali juu yake.

Mkataba wa mwaka 1 nao uuangalie. Kibali cha Uholanzi kinafuata urefu wa mkataba. Ukipoteza kazi una miezi 3 ya kutafuta mwajiri mwingine, naye lazima awe mdhamini anayetambuliwa. Ujerumani, mwenye Blue Card anayejua Kijerumani cha B1 (ngazi ya kati) anaweza kupata ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21, au miezi 27 akiwa na A1 (ngazi ya mwanzo kabisa). Uholanzi ni miaka 5 na mtihani. Kwa mtu mwenye watoto, kupata usingizi wa amani mapema kiasi hicho nakuhesabu kuwa mshahara pia.

DadaWaWodini alijibu:

Kaka, wanaume mmehesabu mshahara mmoja mkamsahau mama wa watoto. Mwezi wa kwanza na wa pili hesabu yenu iko sawa. Mwaka wa tatu kinachoamua maisha ya hiyo nyumba ni kama yule muuguzi amerudi wodini au bado anasubiri.

Nchi zote mbili, mke wa mtu mwenye kibali cha aina yako anaruhusiwa kufanya kazi yoyote tangu siku ya kwanza, na hadaiwi mtihani wa lugha kabla ya kusafiri. Shida ni kutambuliwa taaluma.

Ujerumani: anapeleka diploma, leseni ya Baraza, matokeo ya kila somo, na tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Mamlaka ya jimbo inalinganisha mtaala wake na wa kwao, kisha inatoa barua inayoitwa Defizitbescheid, yenye orodha ya yale yanayopungua. Baada ya hapo anachagua moja kati ya mawili: kipindi cha mafunzo ya kuziba pengo hospitalini, au mtihani wa maarifa. Lugha, kwa kawaida B2. Wakati anasubiri anaweza kufanya kazi kama muuguzi msaidizi na kulipwa. Akishatambuliwa, mshahara wa hospitali ya umma unaanzia zaidi ya euro 3,000 kabla ya makato.

Makosa yanafanyika hukuhuku nyumbani. Chuo kinatoa karatasi ya alama tu: Anatomia B+, Uuguzi wa Jamii A. Mjerumani hatafuti B+. Anataka saa: nadharia saa ngapi, wodi ya upasuaji saa ngapi, watoto saa ngapi, afya ya akili saa ngapi. Saa zisipoandikwa, kwake hazikufanyika, na orodha ya mapungufu inarefuka. Kabla hamjapanda ndege, arudi chuoni kwake aombe barua yenye mhuri inayotaja saa za kila somo na kila wodi. Ukiwa Hannover, kuipata barua hiyo kwa simu ni mateso.

Uholanzi: usajili unaitwa BIG. Kuna mtihani wa lugha na maarifa ya mfumo wa afya wa kwao (AKV), halafu mtihani wa taaluma, halafu tume inaamua kama anahitaji kurudi darasani. Njia ipo na watu wanapita, ila mlango wa kufanya kazi wodini huku unasubiri ni mwembamba kuliko Ujerumani. Kwa muuguzi, Hannover inaizidi Eindhoven, na sioni la kubishania.

Kijerumani aanze Dar. Goethe-Institut ipo Upanga, wana madarasa na mitihani. Akifika na A2 mkononi, B2 iko karibu kuliko mnavyodhani.

Na kama kuna wakala mjini anayemwambia mkeo atoe fedha apelekwe Ujerumani kuuguza, mkimbieni. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na sheria ya Ujerumani inakataza mawakala binafsi kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi za orodha hiyo. Mtu kuomba mwenyewe, au kwenda kama mke wa mfanyakazi, hakuna anayemzuia.

Sasa watoto. Huyu wa miaka 4, Uholanzi anaanza shule mara moja, bure. Kwao mtoto akitimiza miaka 4 anaingia shule ya msingi, na lazima ya kisheria inaanza miaka 5. Ujerumani shule ni miaka 6, kwa hiyo ataenda chekechea, Kita. Jimbo la Niedersachsen, ambako ndiko Hannover, halitozi ada ya Kita kuanzia miaka 3 hadi saa 8 kwa siku, mnalipia chakula. Kazi ni kupata nafasi, siyo ada. Omba mara tu ukipata anwani, Kita kadhaa kwa wakati mmoja.

Shule ya Uholanzi inaisha saa nane au saa tisa alasiri. Baada ya hapo kuna malezi ya kulipia, na ruzuku yake inatolewa kama wazazi wote wawili wanafanya kazi au wako kwenye masomo yanayokubalika. Mama akiwa nyumbani anajifunza lugha kwa simu, ruzuku hakuna na bei kamili inauma.

Wa miaka 9 ndiye anayeninyima raha kwenye Hannover. Ujerumani wanawagawa watoto baada ya darasa la 4, kwenye umri wa miaka 10 hivi: wengine Gymnasium inayoelekea chuo kikuu, wengine shule za aina nyingine. Mtoto wako atakuwa na mwaka mmoja tu wa Kijerumani mgongoni. Uholanzi mgawanyo ni miaka 12, baada ya kundi la 8 (darasa la mwisho la msingi), kwa ushauri wa shule na mtihani wa taifa. Huko atapata miaka 3 ya kuizoea lugha. Dawa yake Hannover: Niedersachsen uamuzi wa mwisho wa aina ya shule ni wa mzazi, na kuna shule za pamoja, Gesamtschule, ambazo hazimfungii mtoto njia mapema. Ziulizie hizo kabla ya kuchagua mtaa wa kupanga. Hannover wanazo.

Msisahau kadi za kliniki. Ujerumani tangu Machi 2020 mtoto haingii Kita bila ushahidi wa chanjo ya surua, dozi mbili, na shule nayo inaudai. Zetu zinatolewa miezi 9 na miezi 18, na ziko kwenye kadi ile. Kadi ikipotea, mtoto atapimwa damu au atachanjwa upya.

Mpangaji_Tabata alijibu:

Nyumba, kwa sababu wengi wanatoka hapa na mazoea ya Dar: kodi ya miezi sita mkononi, mwezi mmoja wa dalali.

Ujerumani dalali analipwa na aliyemwita, na kwa kawaida ni mwenye nyumba. Anayekuomba wewe mpangaji udalali wakati hukumpa kazi anavunja sheria. Amana isizidi kodi tupu ya miezi 3, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Uholanzi amana isizidi miezi 2 kwa mikataba ya tangu Julai 2023. Kodi ya nusu mwaka kwa mkupuo usiitoe kokote, hasa kwa mtu anayedai yuko safarini na funguo atakutumia kwa posta. Huo ni utapeli, na wageni ndio wanaowindwa.

Tangazo la Ujerumani lina bei mbili. Kaltmiete ni pango tupu, Warmmiete ni pamoja na joto, maji na huduma za jengo. Linganisha Warmmiete kwa Warmmiete. Umeme uko nje ya zote mbili. Na "vyumba 3" kwao ni pamoja na sebule, kwa hiyo vya kulala ni viwili.

Nyumba nyingi za Ujerumani zinapangishwa bila jiko: unafungua mlango wa jikoni unakuta mabomba mawili ukutani na soketi, basi. Sinki, makabati, jiko, vyote unanunua. Uholanzi jiko lipo, lakini tangazo likisema "kaal", sakafu haipo. Utakuta zege. "Gestoffeerd" ina sakafu na mapazia, "gemeubileerd" ina samani. Weka akiba ya hizo gharama, maana zinakuja mwezi uleule wa amana.

Umeme si wa LUKU, kwamba ukiisha unajua. Unalipa kiasi kilekile kila mwezi kwa makadirio, halafu mwisho wa mwaka mita inasomwa na unaletewa tofauti. Joto la nyumba vilevile: mwenye nyumba wa Ujerumani ana miezi 12 baada ya mwaka wa hesabu kukuletea ankara. Mtu aliyeweka joto 25 chumba kizima kipindi chote cha baridi, ankara hiyo humkuta ameshasahau. Siku ya kuhamia piga picha mita zote pamoja na namba zake.

Halafu ukungu wa ukutani. Familia yetu inapika: ugali, maharage ya saa mbili, wali. Nguo zinaanikwa ndani. Mvuke wote huo hauna pa kutokea kwa sababu madirisha yao yanabana kabisa. Asubuhi utaona matone yametiririka kwenye kioo mpaka kwenye fremu, na baada ya wiki kadhaa vidoa vyeusi nyuma ya kabati lililosogezwa kwenye ukuta wa nje. Mwenye nyumba atakukata kwenye amana. Fungua madirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, hata kukiwa na theluji, huku umezima joto. Kuliacha dirisha limeinama kidogo mchana kutwa ni kubaya zaidi: kuta zinapoa na unyevu haupungui. Kabati liache sentimita kadhaa kutoka ukutani.

Kwa kupata nyumba yenyewe, Eindhoven ni ngumu. Za mashirika ya nyumba za bei nafuu foleni ni ya miaka, na za watu binafsi zinagombaniwa. Kabla ya kusaini uliza swali moja: naweza kujiandikisha kwenye anwani hii? Wapo wanaokataza. Bila anwani hupati BSN, namba ya utambulisho ya mkazi, na bila BSN mshahara, benki na bima vinakwama. Ujerumani ni hivyohivyo: unajiandikisha ndani ya wiki 2 za kuhamia, na unahitaji karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Mwajiri yeyote kati ya hao wawili akikupa nyumba ya muda ya miezi 3, hiyo ni sababu nzito kuliko euro 200 za mshahara.

Kimara_Mwisho aliuliza tena:

Nashukuru sana wakuu, na wewe dada. Hilo la darasa la 4 sikuwa nalo kabisa. Maswali matatu ya kumalizia. Leseni ya udereva ya Tanzania inafaa? Ukiugua muda mrefu inakuwaje? Na vyeti vya RITA vinatakiwa kufanyiwa nini kabla ya ubalozi?

Nyuzi_na_Sindano alijibu:

Leseni: Ujerumani unaitumia miezi 6 tangu kuhamia, halafu unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani. Darasa zima la udereva si lazima kisheria kwa mwenye leseni, lakini mtihani unafanyika kupitia shule ya udereva na gharama zake si ndogo. Uholanzi ni siku 185, ila mwenye ile nafuu ya asilimia 30 anabadilisha leseni yake bila mtihani, na familia anayoishi nayo pia. Hapo Eindhoven imeshinda waziwazi.

Ugonjwa: Ujerumani mwajiri analipa mshahara kamili wiki 6, kisha mfuko wa bima unalipa asilimia 70 ya mshahara kabla ya makato, isizidi 90 ya ule wa mkononi, hadi wiki 78 kwa ugonjwa mmoja ndani ya miaka 3, zile 6 za mwajiri zikiwemo. Uholanzi mwajiri analipa angalau asilimia 70 kwa hadi wiki 104, lakini mkataba wako wa mwaka 1 ukiisha wajibu wake unaisha, unahamia mfuko wa serikali. Ndiyo maana nilisema urefu wa mkataba uuangalie.

Kuhusu madaktari: Eindhoven kila kitu kinapitia daktari wa familia, na kliniki nyingi zimefunga kupokea wagonjwa wapya, kwa hiyo tafuta wiki ya kwanza ukiwa mzima. Hannover unaweza kwenda kwa bingwa moja kwa moja, ila miadi ni ya wiki au miezi.

Uraia haukutofautishii sana. Ujerumani tangu 27 Juni 2024 haimlazimishi mtu kuacha uraia wa kwanza, Uholanzi kwa kawaida inataka uuache. Lakini sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo ukichukua wowote, wa Tanzania unaondoka. Ukaazi wa kudumu ndio wa kukimbilia.

HesabuKwanza alijibu:

Vyeti. Vya kuzaliwa vya wote wanne na cha ndoa, vyote vya RITA, toleo jipya lililochapwa. Vile vya zamani vya kuandikwa kwa mkono vinaleta maswali. Ndoa ya msikitini au kanisani iwe imesajiliwa RITA, cheti cha shehe au mchungaji peke yake hakitoshi. Tanzania haimo kwenye mkataba wa apostile, kwa hiyo kwa Uholanzi mhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje kwanza, kisha ubalozi wao. Kwa Ujerumani fuata orodha ya ubalozi wao hatua kwa hatua, na tafsiri ifanyike mwisho, baada ya mihuri yote, kwa sababu mihuri nayo inatafsiriwa.

Kinachorudisha mafaili mengi ni majina. Pasipoti inasema Mohamed, cheti cha kuzaliwa Muhammad, cha NECTA Mohammed. Au mke ana jina la mume kwenye pasipoti na la baba kwenye diploma. Weka karatasi zote mezani leo, soma herufi kwa herufi, majina ya wazazi na tarehe pia. Palipotofautiana, rekebisha RITA au pata hati ya majina iliyosajiliwa, siyo kiapo cha mtaani. Hilo linachukua wiki, na wewe una wiki mbili za kujibu ofa tu, kwa hiyo lianze kesho bila kusubiri uamuzi wa nchi.

Na ukifika Uholanzi kuna kipimo cha kifua kikuu ndani ya miezi 3. Ujerumani ukumbuke kuomba Kindergeld mapema, maana malipo ya nyuma hayazidi miezi 6.

DadaWaWodini alijibu:

Na barua ya saa kutoka chuoni, kaka. Itie kwenye hiyo safari ya kesho ya RITA.